Kuhusu mtoto kuficha mkate na kukesha usiku

Dada, umeniuliza kuhusu mtoto mliyemuasili hivi karibuni kutoka nchi ya mbali. Kuficha mkate chini ya mto si wizi, tafadhali usimnyang'anye. Mtoto aliyewahi kulala njaa haamini kwamba kesho chakula kitakuwepo. Mwekee bakuli la matunda anapofikia mwenyewe, mlishe kila baada ya saa 2 au 3, na vyakula alivyozoea alikotoka visikatwe ghafla.

Usiku tandika godoro lako kando ya kitanda chake. Anakesha kwa sababu mwili wake bado unafuata saa za kwao. Nguo aliyokuja nayo usiifue kwanza, harufu yake humtuliza.

Ndugu na jamaa wasubiri wiki kadhaa kabla ya kuja kumwona. Kulisha, kuogesha na kubembeleza iwe kazi yenu wazazi tu, awatambue. Daktari amwone ndani ya wiki 2, akague na chanjo, hata kama kadi imejaa.