DUSK: Ukisimama Umekwisha

Tangu nilipoisifu DUSK, gemu ya kompyuta ya kupigana kwa bunduki, maswali hayakomi. Najibu yale yanayojirudia.

Hii gemu ni mpya au ya zamani? Mbona watu wana nyuso za pembepembe?

Ilitoka Desemba 2018. Aliyeibuni ni Mmarekani David Szymanski, na walioitoa ni kampuni ya New Blood Interactive. Pembe hizo ni za makusudi: imefuata sura ya Quake, gemu ya bunduki ya 1996. Mimi naipenda hivyo, kwa sababu kumtambua adui si shida. Ukiona umbo lake tu kwa mbali, unajua ni nani na atakurushia nini.

Nauawa palepale mwanzoni, chini ya nyumba, na wale wanaume watatu wenye misumeno ya injini. Nakosea wapi?

Unasimama. Gemu nyingi za siku hizi zimetuzoesha kujibanza ukutani hadi afya irudi yenyewe. Hapa hairudi, unaiokota njiani. Bunduki nazo hazina kujaza risasi katikati ya vita, kwa hiyo kujificha hakukupi chochote. Mwendo ndio ngao yako. Weka vidole kwenye vitufe vya A na D, uende kando kando huku kipanya kikimlenga adui. Makombora yao mengi unayaona yakija, nayo huelekea pale ulipokuwa, hayakufuati. Wale watatu wasikuzunguke: rudi nyuma, mmoja akitangulia, umkate kwa miundu yako, kisha rudi tena. Ukishazoea, jifunze kuruka mara tu unapotua, usipoteze kasi. Hapo ndipo utamu wake ulipo, na hakuna gemu ya miaka hii iliyonipa raha hiyo kama hii.

Laptopu yangu ni kuukuu. Itaiweza?

Kuna matumaini makubwa, maana picha zake ni nyepesi. Ikikwama, punguza ubora wa picha kwenye mipangilio. Wenye Nintendo Switch, kile kifaa cha kuchezea gemu, wanayo pia tangu 2021.

Nimeokota kipande cha sabuni. Ni cha nini?

Usikitupe ovyo! Mrushie adui anayekusumbua kuliko wote. Kikimpata, anakufa papo hapo.

Mwanangu ana miaka tisa, anaililia. Nimpe?

Hapana, mama. Kuna damu nyingi, watu wa ibada za kishetani, na maiti zinazoning'inia. Asubiri akue.