Balbu Moja, Betri Moja na Waya Mmoja

Katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha, nilimaliza Jumamosi nzima nikichora saketi ya umeme kwenye karatasi ya manila. Nilitumia kalamu za rangi nne, nikaonyesha kwa mishale njia ya umeme kutoka kwenye betri hadi kwenye balbu na kurudi, na Jumatatu asubuhi nikaibandika ubaoni nikiwa nimeridhika kabisa na kazi yangu. Wanafunzi wa darasa la sita waliinakili kwa usafi na kujibu maswali yangu kwa pamoja bila kusita. Wiki mbili baadaye nilifungua tochi mbele ya darasa, nikamwita kijana aliyeongoza katika jaribio la mada hiyo, nikampa betri moja, balbu moja na kipande cha waya, kisha nikamwomba aiwashe balbu. Aligusisha ncha moja ya waya kwenye betri na ncha ya pili kwenye kitako cha balbu, akasubiri. Hatimaye akanigeukia na kusema kwa adabu, "Mwalimu, betri hii imekwisha."

Betri ilikuwa mpya. Nilikuwa nimeinunua asubuhi hiyo.

Kosa lilikuwa langu. Katika mchoro, balbu ni duara lenye msalaba ndani yake, na hakuna mahali panapoonyesha kwamba balbu ya tochi ina milango miwili: kinundu kilicho chini na ukosi wa chuma ulio ubavuni, ambavyo huunganishwa na uzi mwembamba uliomo ndani ya kioo. Umeme usipoingilia mlango mmoja na kutokea mwingine, uzi hauwaki. Mtoto anaweza kuinakili manila mara kumi asilione jambo hilo, kwa sababu manila humpa jibu la swali ambalo hajawahi kujiuliza.

Siku hizi somo hilo nalifundisha kwa vikundi vya wanafunzi wanne, na kila kikundi hupata vitu vitatu vilevile. Kabla ya yeyote kugusa chochote, kila mwanafunzi huchora katika daftari lake namna anavyodhani vitu hivyo vitaunganishwa hadi balbu iwake, kisha huandika jina lake chini ya mchoro. Kazi hiyo huchukua dakika kama 10 katika kipindi cha dakika 40, na walimu wenzangu wameniambia mara nyingi kwamba ni muda mrefu mno kwa jambo ambalo wengi watalikosea. Mimi naona ndizo dakika zenye faida kuliko zote. Mtoto aliyekwisha kuandika kisio lake hutazama balbu kwa macho ya mtu aliyeweka dau, na balbu isipowaka hulirudia daftari lake mwenyewe badala ya kunitazama mimi. Kikundi cha kwanza kikifaulu kuketisha kinundu cha balbu juu ya betri na kuuzungusha waya kutoka chini ya betri hadi kwenye ukosi, darasa zima husikia, na wengine huja kuchungulia. Siwazuii, ilimradi warudi kwenye dawati lao na kuifanya kwa mikono yao.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kwamba mwalimu asihesabu zana kuwa imetumika kwa sababu tu imeonekana. Safu ya zana katika andalio la somo hujazwa kwa urahisi sana kwa maneno "vitu halisi", na mara nyingi vitu hivyo halisi hubaki mezani kwa mwalimu kuanzia mwanzo wa kipindi hadi mwisho wake.

Ushauri wa pili niliulipia kwa aibu. Balbu za uzi zimeadimika madukani, kwa hiyo mwaka mmoja nilikusanya tochi mbovu za mtaani, nikazichomoa taa zake ndogo nyeupe za LED na kuzigawa kwa vikundi 11 pamoja na betri moja moja. Hakuna hata kikundi kimoja kilichopata mwanga. Taa nyeupe ya LED huhitaji karibu volti 3 ili iwake, ilhali betri moja ya tochi hutoa volti 1.5, zaidi ya hayo, taa hiyo hupitisha umeme upande mmoja tu, hivyo mguu wake mrefu lazima uelekee upande chanya. Mambo hayo mawili nilikuwa nikiyajua, lakini sikuwa nimeijaribu zana yangu nyumbani usiku wa kuamkia somo. Siku iliyofuata nilirudi na betri mbili kwa kila kikundi na swali jipya: kwa nini taa inawaka mkigeuza miguu yake, na kuzimika mkiigeuza tena? Somo hilo la pili likawa bora kuliko lile nililolikusudia. Hata hivyo, jaribuni zana zenu nyumbani, tena zilezile mtakazozigawa darasani. Wanafunzi nao waambiwe tangu mwanzo kwamba tunachofanya kwa betri hakifanywi kamwe kwenye soketi ya ukutani, ambako kuna volti 230.

Katika mada ya chakula, zana ninayoipenda kuliko nyingine ni ndizi. Iodini ya kupaka vidonda hupatikana duka la dawa. Ukiizimua kwa maji, chupa ndogo hutosha darasa kubwa. Vifuniko vya chupa huwa vyombo, na wanafunzi huleta vipande vya muhogo, punje za mchele, tango, ndizi mbichi na ndizi iliyoiva hadi ganda limeanza kuwa na madoa meusi. Wote hujua kwamba wanga hugeuza iodini kuwa na rangi ya buluu iliyokaribia nyeusi, na karibu wote hukisia kwamba ndizi mbili zitafanana, maana ndizi ni ndizi. Ile mbichi hugeuka nyeusi papo hapo. Ile mbivu hubakia na rangi ya kahawia ya iodini, au hupata madoadoa machache tu. Mwaka juzi binti mmoja ambaye bibi yake huuza ndizi alikitazama kifuniko kwa muda, kisha akauliza, "Sasa ule wanga umekwenda wapi?" Sikumjibu. Nilimpa kipande kingine cha ndizi mbivu, ambacho hakikuguswa na iodini, nikamwambia akionje. Vilivyopimwa haviliwi, na hilo husemwa kwa sauti, kwani saa sita mchana njaa ina hoja zake.

Jaribio la kupima wanga katika jani, ambalo kwanza huondolewa rangi yake ya kijani kwa spiriti, nalifanya mwenyewe mbele ya darasa, kwa kuwa spiriti hushika moto upesi. Chombo chenye spiriti na jani huwekwa ndani ya bakuli la maji ya moto baada ya jiko kuzimwa na kuondolewa, na spiriti haitelekwi motoni kwa namna yoyote.

Swali la yule binti linanikumbusha kisa cha Erasto Mpemba, ambacho kila mwalimu wa sayansi Tanzania angepaswa kukijua vizuri. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona kwamba maziwa yake ya aiskrimu aliyoyaweka kwenye friji yakiwa ya moto yaliganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyokuwa hayakuchemshwa. Aliuliza, akachekwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, ambaye alikwenda kulijaribu jambo hilo, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia bado wanabishana kuhusu jambo hilo. Ninapokisimulia kisa hicho huweka mezani boksi tupu la chaki kwa ajili ya maswali, na kila Ijumaa tunachagua moja la kulijaribu, hata likiwa nje ya mada ya wiki.

Kwa shule zenye kompyuta, majaribio ya kuigiza kwenye skrini yaitwayo PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder cha Marekani, hayalipiwi, na yanaweza kupakuliwa mapema yakatumika bila intaneti. Nayatumia baada ya vitu vya mkononi. Balbu ya kwenye skrini haimgomei mtoto kama ile halisi, na kule kugoma ndiko ninakokutafuta.

Kuhusu upotevu: balbu ni ndogo na mifuko ya kaptura ni mirefu. Vifaa vyangu vinakaa kwenye sanduku la viatu, idadi yake imeandikwa kwenye kifuniko, na kiongozi wa kikundi huirudisha balbu mkononi mwangu, wala si mezani, dakika tano kabla ya kengele.