Marejesho yafuate giza: ushauri kwa anayeanza biashara ya dagaa Kigoma

Biashara ya dagaa hapa kwetu haiwaangushi watu ziwani wala sokoni. Inawaangusha siku ya marejesho. Nimekaa mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, muda wa kutosha kuona wenye mtaji mkubwa kuliko wangu wakiacha kazi, na wengi wao shida ilikuwa ileile: walikopa pesa inayodaiwa kila wiki, wakaitia kwenye biashara isiyojua wiki ni nini.

Kwa asiyelijua ziwa letu, dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Taa inawavuta dagaa pale tu anga likiwa na giza. Mwezi ukishakuwa mkubwa mwanga unatapakaa ziwa zima, taa inakosa kazi, mitumbwi inavutwa nchi kavu na wavuvi wanakaa kushona nyavu. Hiyo ndiyo mbalamwezi. Kwa wiki nzima, pengine zaidi, hakuna beseni la kugombania. Kisha giza linarudi, na pesa inarudi nalo.

Sasa chukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa unaodaiwa kila wiki. Tuseme umepewa laki tano, urejeshe elfu sitini kila Jumatatu kwa wiki kumi. Wengi wanaangalia riba tu: laki moja, si mbaya, nitaizalisha. Mimi nakwambia hesabu mwezi kwanza. Ndani ya wiki kumi lazima mbalamwezi ikukute mara mbili, na ukiwa na bahati mbaya mara tatu. Kila ikija, kuna Jumatatu moja au mbili utakazolipa bila kuwa umeuza kitu, yaani utalipa kwa mtaji. Giza linaporudi unashuka mwaloni na pesa ya mabeseni mawili, wakati ulianza na ya matano. Unakopa kwingine kuziba pengo. Hapo ndipo godoro na televisheni vinapoanza kutolewa nje majirani wakitazama.

Kikundi chetu cha hisa, tunamoweka akiba na kukopeshana, kilipata dawa yake, na sijawahi kuisikia kwenye semina yoyote. Katibu wetu ni mtu wa Ujiji, na ukutani kwake kuna ile kalenda ya msikitini yenye tarehe za Kiislamu. Mwezi mpevu unaangukia tarehe 14 au 15, kwa hiyo siku za kabla na baada yake tunajua kabisa hakuna kitu. Tukahamisha marejesho kutoka kila wiki, tukayaweka tarehe 10 ya mwezi mwandamo, mara moja tu, dagaa wa giza wakiwa wamekauka na wengi wameshauzwa. Waliokuwa wakichelewesha wakaanza kulipa. Hawakuwa wakorofi, walikuwa wanadaiwa siku mbaya. Na wenzetu Wakristo kwenye kikundi ndio siku hizi wanaouliza kwa sauti kuliko wote, "Leo mwezi ngapi?"

Kama huna kikundi cha hisa, ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Mnapoandika andiko lenu la kuomba mkopo, wekeni na ratiba ya marejesho inayofuata giza, msisubiri kupangiwa. Afisa maendeleo ya jamii ataelewa mkimweleza. Asipoelewa, mwambieni ashuke mwaloni usiku wa mwezi mpevu ahesabu mitumbwi iliyoondoka.

Mkopo ukishakaa sawa, pesa ya kwanza iende kwenye chanja ya kuanikia dagaa.

Kuanika mchangani ni bure, ndiyo maana kila mtu anaanika mchangani. Lakini kuanzia Novemba hadi Aprili mvua haikubishii hodi. Dagaa waliolowa mchangani wanaanza kunuka jioni ileile, na mteja anayebaki ni mwenye kuku, tena kwa bei anayoitaka yeye. Kwenye chanja ya nguzo na wavu, upepo unapita juu na chini, wanakauka upesi, na wingu likitanda unafunika turubai ukiwa umesimama. Kumbuka pia kwamba kilo tatu hadi nne za dagaa wabichi zinakupa kama kilo moja ya wakavu, kwa hiyo kila kilo inayoharibika imebeba gharama ya tatu au nne. Wapo wanaosema mchanga unaongeza uzito. Ni kweli, mpaka ukutane na mnunuzi anayejua kazi yake.

Mmoja alikuja kutoka Dar, mama wa makamo. Hakuuliza bei. Aliomba kikombe cha maji, akatia kiganja cha dagaa, akakoroga kwa kidole, akawatoa na kuwaweka pembeni. Akakaa kimya kidogo, kisha akayamwaga maji taratibu, akapitisha kidole kwenye kitako cha kikombe. Hakupata chembe ya mchanga. Ndipo akasema, "Haya mwanangu, mizani iko wapi?" Tangu hapo kikombe kinakaa mezani kwangu na mteja akifika namwambia apime mwenyewe kabla hatujataja bei. Na uza kwa kilo. Gunia lina lumbesa, ule ujazo unaozidi mdomo wa gunia, na lumbesa siku zote ni ya mnunuzi.

Vifungashio sivipingi. Ukipata barua ya utambulisho SIDO, shirika la viwanda vidogo, TBS, shirika la viwango, wanawahudumia wajasiriamali wadogo kupata alama ya ubora, na paketi ya nusu kilo inauzika vizuri kwa abiria anayetaka zawadi ya Kigoma. Ila semina nyingi zinaanza na paketi, kana kwamba mchanga ukifungwa vizuri unageuka dagaa.

Halafu kuna mali kauli. Mnunuzi wa mbali anakwambia tuma magunia, nikiuza narusha pesa. Reli yetu ina zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar, hutapanda treni kwenda kudai laki mbili. Mimi natuma nusu ya alichoomba, nusu nyingine inaondoka pesa ya kwanza ikishaingia kwenye simu. Wapo walionuna wakahamia kwa wengine. Waache wanune.

La mwisho ni kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 Serikali ilipumzisha uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Miezi yenyewe ni kiangazi, jua la kuanikia ni zuri kuliko la mwaka mzima na chanja ziko tupu, jambo ambalo hata ukilijua linauma. Usilumbane nalo, lipangie. Mawese yakiwa mengi na bei imelala, nunua madumu machache yaliyochemshwa hadi maji yote yakaisha, weka mahali penye kivuli, uza bei ikipanda. Mwenye nguvu za mikono aende kwenye mise, yaani kokwa za michikichi, maana watengeneza sabuni wanahitaji mafuta yake mwaka mzima.

Sisi tumeongeza na sanduku la pili. Kila giza, kuanzia Januari, kila mwanachama anatia humo faida ya beseni moja. Lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu wasio ndugu, na halifunguliwi kabla ya Mei hata mtu alie.