Ukitaka kulilinda Ziwa Jipe, anzia Taveta

Kila inapokaribia tarehe 2 Februari, Siku ya Maeneo Oevu Duniani (yaani maziwa, vinamasi na ardhi nyingine yenye maji), vijana wa vikundi vya mazingira hapa Moshi huniuliza waanzie wapi na Ziwa Jipe. Wengi wanakuwa wameshapanga kupanda miti na kung'oa magugu. Ni kazi njema, lakini mimi huwaambia waanzie Taveta, ng'ambo ya mpaka, Kenya.

Tazama maji yenyewe yanavyokwenda. Mto Lumi unaanzia miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, unaingia Kenya, unapita Taveta, ndipo unamwaga Jipe. Ziwa lenyewe limekatwa na mpaka: upande mmoja Wilaya ya Mwanga, upande wa pili Kaunti ya Taita Taveta. Kutoka hapo Mto Ruvu unayapeleka maji kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na mbele yake ni Mto Pangani wenye mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls. Kwa hiyo tope linaloporomoka kwenye shamba lililolimwa hadi ukingoni mwa mto linaweza kuvuka nchi mbili kabla halijatulia ziwani, na hapo ndipo matete yanapopata pa kushika mizizi. Mvuvi anakosa njia ya mtumbwi, nyavu zinanasa. Ukifyeka matete bila kugusa tope, utayakuta tena.

Nimekaa vikao vingi vya watumia maji, na nimeona jambo lilelile likijirudia. Wa huku wanasema wenzao wa Taveta wanachepusha mto. Wa kule wanasema sisi tunalima milimani ovyo na kuwashushia udongo. Kila upande una ushahidi wake, na kila mtu anaondoka na hasira aliyokuja nayo. Kilichosaidia ni kuwatembeza wote pamoja kandokando ya mto, wavuvi, wakulima na wafugaji, kila mmoja aone kwa macho. Baada ya matembezi ya namna hiyo watu huacha kuuliza nani mkosaji, wanaanza kuuliza tufanyeje na mfereji ule. Kwa hiyo ukipata fedha kidogo za mradi, usizimalize kwenye fulana na mabango. Lipa nauli za watu wavuke mpaka wakaonane.

Sasa, serikali zinaingiaje? Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda maeneo oevu uliotiwa saini Iran mwaka 1971, unazibana nchi zote mbili. Kenya ilijiunga mwaka 1990, Tanzania mwaka 2000. Watu wengi wanadhani unahusu yale maeneo yaliyoorodheshwa tu, ambayo kwetu ni manne: Malagarasi-Muyovozi, Bonde la Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Jipe halimo. Lakini kifungu cha 5 kinazitaka nchi zinazochangia ardhi oevu au mfumo wa maji zishauriane, na hakisemi lazima eneo liwe kwenye orodha. Kishike kifungu hicho. Kitaje kwenye barua zako kwa mkurugenzi wa halmashauri na kwa Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo ofisi yake kuu iko hapahapa Moshi. Barua inayotaja wajibu ambao nchi imeukubali yenyewe huwa ngumu kuwekwa kando.

Mkataba huu hauna mahakama wala faini, na ni vizuri ulijue hilo mapema usije ukakata tamaa. Nguvu yake iko kwenye macho ya wengine. Ulipokuja mpango wa kujenga kiwanda cha magadi Natron, mahali pekee Afrika Mashariki ambapo heroe wadogo (aina ya flamingo) huzaliana mara kwa mara, kelele zilipigwa hapa nchini, Kenya na mbali zaidi, na mwaka 2008 ujumbe wa ushauri wa Ramsar ulifika kuangalia. Kiwanda kile hakikujengwa. Natron nayo hupokea maji ya Ewaso Ng'iro kutoka Kenya, kwa hiyo watu wa Arusha wana Taveta yao huko Narok.

Mambo mengine ni ya nyumbani kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mwombe mwenyekiti wa kijiji mpime pamoja, muweke alama za miti ya asili, na mwenye shamba awepo siku hiyo; akipimiwa hayupo, alama zitang'olewa. Ukisikia mradi mkubwa unakuja, omba taarifa ya tathmini ya athari kwa mazingira na uhudhurie mkutano wa wananchi. Maoni yako yatoe kwa maandishi, ubaki na nakala.

Nakala nyingine mpelekee mwenzako wa Taveta. Siku mradi utakapokuwa upande wao, na yeye atakuletea ya kwake.