Ushindi 10, vipigo 10, na bado Cy Young ni yake

SWALI: Mtaalamu, hapa Pittsburgh hatuelewani kazini tangu Paul Skenes wa Pirates apewe tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa besiboli wa mwaka, katika Ligi ya Taifa (mojawapo ya ligi mbili za ligi kuu ya Marekani), msimu wa 2025. Rekodi yake ni 10-10, yaani ushindi 10, kushindwa 10. Mwenzangu anashikilia kwamba Cristopher Sánchez wa Phillies, mwenye 13-5 na iningi (vipindi vya mchezo) nyingi zaidi, kaporwa. Nimeangalia WAR, kipimo cha jumla cha thamani ya mchezaji kwa timu, kwenye tovuti mbili, kila moja inatoa namba yake. Nishike lipi? (Msomaji, Pittsburgh)

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako ana hoja mbili, na moja tu ndiyo ya kujadiliwa. Ni ile ya iningi. Auti (kumtoa mpigaji au mkimbiaji; auti tatu ni iningi moja) ambayo mrushaji anayeanza hakuipata, lazima itafutwe na mrushaji wa akiba, kwa hiyo anayerusha iningi nyingi anaipunguzia timu yake mzigo. Lakini hoja hiyo inapimwa kwa hesabu, haitoshi kuitaja.

Skenes alirusha iningi 187 na theluthi mbili, akaandikiwa mikimbio (mabao ya besiboli) 41 ya ERA, yaani ile isiyotokana na makosa ya walinzi; ERA ni wastani wa mikimbio hiyo kwa kila iningi 9. Sánchez alirusha iningi 202, mikimbio 56. Toa ya mmoja kwenye ya mwingine: Sánchez kazidi kwa iningi 14 na theluthi moja, na ndani ya iningi hizo kuna mikimbio 15 ya ziada. Zidisha 15 kwa 9, gawanya kwa 14.33, unapata 9.42. Mrushaji mwenye ERA ya 9.42 harudi uwanjani wiki inayofuata. ERA zenyewe ni 1.97 kwa 2.50. Sánchez alikuwa na msimu mzuri sana na nafasi ya pili aliistahili, lakini wapigakura wote 30 walimweka Skenes wa kwanza, na walikuwa sahihi.

Hesabu hiyohiyo haitoi jibu rahisi kila mwaka. Mwaka 2021 Corbin Burnes wa Milwaukee alikuwa na ERA ya 2.43 kwa iningi 167, Zack Wheeler wa Philadelphia 2.78 kwa iningi 213 na theluthi moja. Tofauti yao ni iningi 46 na theluthi moja, mikimbio 21, sawa na ERA ya 4.08. Hicho ni kiwango cha mrushaji wa kawaida wa ligi, na iningi 46 za mrushaji wa kawaida ni kitu ambacho timu inakihitaji. Ndiyo maana kila mmoja alipata kura 12 za nafasi ya kwanza, na Burnes akapita kwa pointi 151 dhidi ya 141. Pale palikuwa na ubishi wa kweli. Mimi ningempa Wheeler.

Sasa hiyo 10-10. Swali hili hurudi kila Novemba, na linachosha kwa sababu anayeliuliza mara nyingi anajua kanuni ya ushindi ila hajaifuata hadi mwisho. Mrushaji anayeanza haandikiwi ushindi mpaka amalize iningi 5, atoke timu yake ikiongoza, na uongozi huo usipotee tena. Arushe iningi 7 bila kuruhusu mkimbio, mchezo uwe 0-0 anapotoka: haandikiwi kitu. Atoke akiongoza 1-0, wa akiba aruhusu kusawazisha, kisha timu ifunge tena: ushindi unaweza kuandikwa kwa yuleyule wa akiba aliyeharibu. Nusu ya namba hiyo inatengenezwa na wapigaji wa timu yake, watu ambao mrushaji hana amri nao hata kidogo. Ni kama kumlaumu kipa kwa sare ya bila kufungana. Na Pirates wa 2025 walifunga mikimbio michache kuliko timu nyingine yoyote ya ligi kuu.

Waandishi wa besiboli, ambao ndio wanaopiga kura, wenyewe walichelewa kulikubali hili. Mwaka 1990 Bob Welch alipewa tuzo kwa 27-6 na ERA ya 2.95, huku Roger Clemens akiwa na 21-6 na 1.93. Mwaka 2005 Bartolo Colón alishinda kwa 21-8 na ERA ya 3.48, mbele ya Johan Santana aliyekuwa na 2.87, iningi zaidi na straikiauti (wapigaji waliotolewa kwa straiki tatu) nyingi zaidi. Mambo yaligeuka 2010. Félix Hernández wa Seattle alikuwa na 13-12 tu, lakini ERA yake ilikuwa 2.27 kwa iningi karibu 250. CC Sabathia wa Yankees alikuwa na 21-7 na ERA ya 3.18. Seattle walifunga mikimbio 513 msimu mzima, Yankees 859. Tuzo ikaenda kwa Hernández. Miaka minane baadaye Jacob deGrom wa Mets, 10-9 na ERA ya 1.70, alipata kura 29 kati ya 30 za nafasi ya kwanza. Anayeleta 13-5 leo kama ushahidi anarudisha mjadala uliokwisha kufungwa.

Kuhusu WAR, tovuti zako mbili hazipingani, zinajibu maswali tofauti. Baseball-Reference inaanza na mikimbio yote iliyoingia, kisha inarekebisha kwa ubora wa walinzi, wapinzani na uwanja. FanGraphs inaanza na FIP, kipimo kinachoacha nje kazi ya walinzi: homurani (mipigo inayotoka nje ya uwanja) mara 13, jumlisha besi za bure (anazopewa mpigaji kwa mirusho minne mibaya) na wapigaji waliogongwa na mpira mara 3, ondoa straikiauti mara 2, gawanya kwa iningi, ongeza namba ya kulinganisha ambayo kwa kawaida iko karibu na 3.1. Ya kwanza inauliza nini kilitokea. Ya pili, ni kiasi gani kilikuwa mikononi mwa mrushaji mwenyewe. Chukua Blake Snell, mshindi wa 2023: ERA 2.25, FIP 3.44, kwa sababu alitoa besi za bure 99 kisha akawaacha wakimbiaji hapohapo kwenye besi. Zikipishana kidogo, usizitumie kumaliza ubishi. Zikipishana sana, tafuta sababu.

Angalia pia mambo madogo yanayopotosha. Kwenye jedwali, 213.1 ni iningi 213 na theluthi moja. Ukiingiza 213.1 kwenye kikokotoo, ERA ya Wheeler inatoka 2.79 badala ya 2.78. Wakimbiaji anaowaacha mrushaji kwenye besi wakifunga baada yake, mikimbio ni yake, hata kama kosa ni la wa akiba. Na uwanja una uzito: Coors Field ya Denver iko karibu mita 1,600 juu ya bahari, mpira unaruka mbali zaidi. Tumia ERA+, yaani ERA iliyorekebishwa kwa uwanja na ligi, ambayo wastani wake ni 100 na kubwa ndiyo nzuri, kabla ya kulinganisha watu wa viwanja tofauti.

Lililo baya zaidi ni wauza mikeka wanaouza utabiri wa tuzo hii. Usiwape hata senti. Wengi wanapanga majina kwa idadi ya ushindi, kisha wanaongeza mechi za Oktoba, na mechi hizo hazihesabiwi kabisa. Kura hukusanywa kabla ya mechi za mtoano kuanza: waandishi wawili kwa kila timu ya ligi, majina matano, pointi 7, 4, 3, 2 na 1. Yoshinobu Yamamoto wa Dodgers alitawala Fainali ya Dunia ya 2025 na kuchaguliwa mchezaji bora wa fainali hiyo, lakini kwenye Cy Young alibaki wa tatu, kwa sababu kura zilikuwa zimeshapigwa. Mtu anayekuuzia jina kwa kigezo cha Oktoba hajui anachouza.

Chama cha Waandishi wa Besiboli cha Marekani huweka wazi kura za kila mwandishi baada ya matokeo. Zifungue na mwenzako: Sánchez aliwekwa wa pili na wote 30, kwa hiyo mwone nani aliwekwa wa tatu na nani. Hapo ndipo penye la kubishania msimu huo.