Mwalimu Anajibu: Singeli ya Mtahiniwa, Spika za Tumboni na Sinia la Mama

Barua tatu za mwezi huu zote zimetoka Tanga mjini na zote zinauliza juu ya muziki, ila zinagusa umri tofauti: kijana wa sekondari, mtoto ambaye bado hajazaliwa, na mama mtu mzima. Nitaanza na ile iliyo fupi, na ile iliyonikalisha macho usiku nimeiacha mwisho.

Mama wa mwanafunzi, Chumbageni, anauliza:

Mwalimu, shikamoo. Kijana wangu yuko kidato cha nne na hasomi bila spika za masikioni, huku singeli ikipigwa kwa sauti ambayo hata mimi niliye jikoni naisikia. Nikimkataza hujibu kwamba muziki unamsaidia kushika masomo. Je, ni kweli? Na masikio yake hayataharibika?

Jibu: Marahaba. Kijana anasema kweli nusu. Muziki humchangamsha mtu aliyechoka, na kwa kazi ya mikono kama kuchora ramani au kupiga pasi sare za shule hauna ubaya wowote. Kusoma, hata hivyo, ni kushughulika na maneno, na singeli nayo ni maneno, tena yanayokwenda mbio. Mtu anayejaribu kukariri sura ya historia huku akiimbiwa anayafanya maneno ya aina mbili yagombee mlango mmoja, na kwa kawaida ya kitabuni ndiyo yanayobaki nje. Mwambie asome kwa ukimya dakika arobaini, kisha asikilize singeli yake dakika kumi bila kitabu.

Kuhusu masikio, kama wewe uliye jikoni unasikia kinachopigwa ndani ya masikio yake, sauti hiyo imezidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe saa 40 kwa wiki akisikiliza kwa kiwango cha desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kiwango kikifika desibeli 90 muda huo hupungua hadi saa 4 tu kwa wiki nzima. Seli zenye vinyweleo zilizo katika sikio la ndani, ambazo ndizo zinazopokea sauti, zikishakufa hazioti tena.

Nakuomba lakini usiipige vita singeli yenyewe. Sababu yake utaiona katika barua ya mwisho.

Baba mtarajiwa, Makorora, anauliza:

Mwalimu, shikamoo. Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Muuzaji mmoja wa vifaa vya simu amenishawishi ninunue spika ndogo za kufunga tumboni kwa mkanda, pamoja na kadi iliyojaa muziki wa Mozart, kwa maelezo kwamba mtoto atazaliwa na akili nyingi. Bei yake inakaribia kodi yangu ya nyumba ya mwezi mmoja. Ninunue? Na kama nisinunue, nifanye nini, maana mimi sijui kuimba?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Lipa kodi.

Habari ya Mozart na akili ina chanzo chake, na ni vizuri ukijue ili muuzaji mwingine asikupate. Mwaka 1993 watafiti watatu wa Marekani, Frances Rauscher, Gordon Shaw na Katherine Ky, waliwasikilizisha wanafunzi 36 wa chuo kikuu kipande cha Mozart kwa dakika 10, wakaona kwamba baada ya hapo walifanya vizuri zaidi katika maswali ya kuwaza maumbo, na faida hiyo ikatoweka ndani ya robo saa hivi. Hapakuwa na mtoto mchanga hata mmoja, wala mjamzito, wala neno lolote juu ya akili ya kudumu. Habari ilipotoka maabara na kuingia magazetini ilinenepa, hata mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, akaomba dola 105,000 katika bajeti ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe muziki wa aina hiyo. Wanasiasa wetu si peke yao.

Lililo kweli ni hili. Masikio ya mtoto huanza kufanya kazi akiwa tumboni, takriban wiki ya 25, kwa hiyo wa kwenu tayari anasikia. Sauti nzito hupenya vizuri kuliko nyembamba, na sauti anayoipata kwa wingi kuliko zote ni ya mama yake, ambayo haimfikii kwa kupitia hewani tu bali pia kwa kupitia mwili wenyewe. Mwaka 1986 Anthony DeCasper na Melanie Spence waliwaomba wajawazito wasome hadithi moja ya watoto kwa sauti mara mbili kila siku katika wiki 6 za mwisho za mimba; watoto walipozaliwa walipewa chuchu za bandia zilizounganishwa na mashine, wakabadilisha namna ya kunyonya ili waisikie hadithi ile waliyoizoea kuliko hadithi ngeni. Mtoto huja duniani akiwa na kitu anachokikumbuka, na mkeo anaweza kuchagua leo kiwe nini. Mkanda wa spika hauhitajiki, na kelele za karibu na tumbo zinazodumu kwa muda mrefu si jambo la kumtakia kiumbe ambaye hana pa kukimbilia.

Kuhusu wewe usiyejua kuimba: nani atakusahihisha? Mariève Corbeil na wenzake wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, waliwafuatilia watoto 30 wa kati ya miezi 6 na 9, wakapima kila mmoja angekaa muda gani kabla ya kuanza kulia. Waliosikia nyimbo walitulia kwa wastani wa dakika 9 hivi, na waliozungumziwa walitulia chini ya nusu ya muda huo, ingawa nyimbo zenyewe zilikuwa za Kituruki, lugha ambayo watoto wale hawakuwa wakiisikia nyumbani. Kilichowatuliza ni mwendo wa wimbo unaojirudia pale pale. Hilo bibi zetu walilijua, ndiyo maana bembelezi ya kwetu ina maneno machache yanayozunguka kama jiwe la kusagia, na anayeimba huku anatembea hulinganisha wimbo na hatua zake. Chagua moja uliyobembelezewa wewe. Kama umeisahau, mama yako hajaisahau; mpigie simu umwulize, kisha uiimbe kila jioni karibu na mkeo, hiyo hiyo moja, mpaka wakati wa kujifungua na baada yake.

Binti, Ngamiani, anauliza:

Mwalimu, shikamoo. Mama yangu ana miaka 77 na daktari ametueleza kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer. Jina langu amelisahau, na mara nyingine huniita kwa jina la dada yake aliyefariki. Wiki tatu zilizopita jirani alifungulia taarabu ya zamani, mama akaketi wima, akachukua sinia la bati lililokuwa limeegemezwa ukutani, akaanza kulipiga kwa kijiti cha mwiko na kuimba ubeti baada ya ubeti. Mimi nikaitikia, nikakosea pahali, akanikata jicho na kuniambia, "Hapo unasubiri kwanza." Mtu asiyenijua mimi ni nani! Tangu siku hiyo namwekea nyimbo, lakini nina matatizo manne. Wimbo mmoja humliza. Shemeji yangu anasema mama mtu mzima aliyekaribia safari yake asisikilizishwe taarabu, asikie Qur'ani tu. Kumwogesha ni ugomvi kila asubuhi. Na sinia analipiga hata saa nane za usiku, majirani wamechoka. Je, nimfiche sinia?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa uuguzi.

Ulichokishuhudia kina maelezo. Mwaka 2015 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walitafuta ni sehemu gani za ubongo huamka mtu anaposikia muziki aliouzoea tangu zamani, kisha wakalinganisha sehemu hizo na ramani ya namna Alzheimer inavyoushambulia ubongo. Walikuta kwamba sehemu hizo huharibika kidogo kuliko nyingine nyingi, na baadhi yake zinahusika na kupanga mwendo wa mwili. Majina na nyuso huhifadhiwa kwingine, na huko ugonjwa hupita mapema. Kwa hiyo mama aliposema "unasubiri kwanza" hakuwa anakumbuka jambo fulani lililotokea, ila mkono na ulimi vilikuwa vinafuata njia viliyoipita mara elfu. Usijione umedharauliwa kwa sababu wimbo umejulikana na wewe hukujulikana.

Nyimbo zinazogusa zaidi ni zile za kati ya miaka 10 na 30 ya umri wa mtu, muda ambao wazee karibu wote huukumbuka kwa wingi kuliko miaka mingine. Kwa mama yako hiyo ni kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi ya 1970, na hapo Tanga ilikuwa na bahati yake: Young Novelty, Black Star na Lucky Star katika taarabu, Shakila Said akiimba, gitaa likiwa limeshika nafasi ambayo Unguja iliwaachia fidla na udi, na kwa upande wa dansi Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. (Mama wa Chumbageni, ndiyo maana nilikusihi: singeli ya mwanao wa kidato cha nne ndiyo itakayomkalisha wima akifika miaka 77.) Lakini usiishie kwenye taarabu. Waswahili wana wimbo kwa kila daraja la maisha na wameupa kila mmoja jina lake: bembelezi ya mtoto, nyiso za jandoni, vugo la harusi, hodiya ya kazini, kimai cha baharini, mbolezi ya msibani. Watafute wanawake wa rika lake waliobaki, na kama somo wake, yaani mwanamke aliyemfunda usichanani, yu hai mwanzie yeye, uwaulize mama alikuwa akiimba nini na akipiga nini. Nauliza hilo la kupiga kwa sababu ya sinia. Kijiti cha mwiko juu ya bati si upigaji wa mtu anayejichezea. Nahisi mama yako alikuwa mpiga upatu, ile sahani ya madini inayopigwa kwa kijiti, katika ngoma za harusi, na sinia ndicho kitu kilichofanana na upatu kuliko vyote vilivyokuwa ukumbini.

Kulia kwake kusikuogopeshe upesi. Taarabu ni fumbo, na kila mwanamke wa Tanga ana wimbo mmoja ambao anajua mwenyewe uliimbiwa nani au alimtunza mwimbaji kwa ajili ya nani. Kaa karibu, mshike mkono, uuache wimbo umalizike. Ikiwa baada yake anapumua na kutulia, machozi hayo yalikuwa na kazi yake. Ikiwa anabaki anahangaika, anatafuta mlango au anakupiga, wimbo huo uondoe na usiurudishe.

La shemeji yako mimi si mtu wa kulitolea hukumu, na ndani ya ukoo wenu hawakosekani wenye elimu ya dini. Ninachoweza kusema ni kwamba sura alizozihifadhi chuoni akiwa mdogo, pamoja na kasida na maulidi aliyoyaitikia, nazo zimeingia kwa sauti na kwa kurudiarudia, na huenda zimesalimika vivyo hivyo. Msomee sura fupi alfajiri, uone kama hatakutangulia. Saa za jioni ziachieni upatu wake, na shemeji akija wakati huo mkaribishe kahawa.

Kuhusu kuoga, acha kumweleza. Nchini Sweden Eva Götell na wenzake waliangalia wauguzi wakiwahudumia asubuhi wazee wenye maradhi haya, wakaona kwamba muuguzi alipoimba yeye mwenyewe, badala ya kutoa maelekezo mengi, wagonjwa walishirikiana zaidi na kuonekana kama wanaelewa kinachofanyika. Maelezo marefu humchanganya mama. Wimbo humwambia mwili wake sasa ni zamu ya mkono huu, sasa ya ule. Anza kuimba mkiwa bado kitandani, usisubiri mpaka kata ya maji imwagike. Ukikosea akakusahihisha, mshukuru, kwa sababu wakati anakusahihisha hagombani na sabuni.

Nisikudanganye kwamba haya ni dawa. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2018 na Cochrane, shirika la kimataifa linalopima ushahidi wa tiba, yalionyesha kwamba tiba ya muziki huenda ikawapunguzia wagonjwa wa aina hii huzuni, lakini kumbukumbu zao hazibadiliki sana, wala mahangaiko hayapungui kwa kiasi kikubwa. Jina lako huenda lisirudi. Dawa alizoandikiwa ziendelee, na kama anaamka kila usiku mweleze daktari, kwa maana kukosa usingizi kunaweza kutokana na maumivu au choo, mambo ambayo yeye hawezi tena kuyataja.

Sinia usimfiche. Mpe mchana, hasa kati ya alasiri na magharibi ambapo wagonjwa wengi wa namna hii huanza kuhangaika, uketi naye uitikie mpaka mkono wake uchoke. Usiku lizungushie kanga mbili zilizokunjwa, ulifunge kwa uzi, umrudishie pamoja na kijiti chake. Yeye atausikia mdundo kwa mkono, na jirani hatausikia kabisa.