Maswali ya Wasomaji: Je, springi nyepesi za rivolva zinastahili gharama yake?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina rivolva ya Smith & Wesson ya .38 Special ambayo nina leseni ya kuimiliki kwa ajili ya kujilinda, nami huenda kulenga shabaha na wenzangu kila nipatapo nafasi. Kifyatulio chake ni kizito mno nisipoivuta nyundo kwanza kwa kidole gumba, na risasi zangu huangukia chini upande wa kushoto. Mwenzangu mmoja ananishawishi tuagize kutoka Marekani springi nyepesi pamoja na kifyatulio chenye uso laini. Je, fedha hizo hazitakuwa zimepotea bure?
Msomaji, Njoro

JIBU: Kwa silaha ya kujilinda, ningekushauri usinunue springi hizo. Kifyatulio ni suala jingine, nami nitalifikia.

Uzito unaoulalamikia una kazi yake. Usipoivuta nyundo kwanza, kidole kimoja hufanya kazi zote kwa mkupuo mmoja: huzungusha silinda, huirudisha nyundo nyuma huku kikiibana springi kuu, kisha huiachilia. Ndiyo sababu rivolva nyingi za namna hiyo hutoka kiwandani zikihitaji nguvu ya kilo 4.5 hadi 5.5 hivi, ilhali nyundo ikiwa imekwisha kuvutwa, kilo moja na nusu au zaidi kidogo hutosha. Springi nyepesi hukipunguzia kidole mzigo, lakini nguvu unayoiondoa kidoleni ndiyo hiyo hiyo unayoinyima nyundo, na nyundo ikipiga kwa unyonge, fataki (kile kikombe kidogo kinachowasha baruti) iliyopachikwa katikati ya kitako cha ganda hubaki na alama ya kibonyeo kifupi tu, na risasi haitoki.

Huko Marekani wapiga shabaha wa mashindano hulikwepa tatizo hili kwa kuchagua risasi. Wengi wao hutumia fataki za Federal, ambazo zinasifika kwa ulaini, na wengine hujaza risasi zao wenyewe nyumbani. Wewe wa Njoro utatumia risasi ambazo muuzaji mwenye leseni anazo siku hiyo, na huenda fataki zake zikawa ngumu. Hapo ndipo hesabu ya mwenzako inapovunjika, kwa kuwa springi iliyomfaa mtu wa Texas na risasi zake teule inaweza kukuangusha wewe saa ile ile uliyoinunulia silaha. Springi ya pili katika seti hizo, ile inayokirudisha kifyatulio mbele, nayo ikilegezwa kupita kiasi hukifanya kirudi polepole, na mwenye haraka hukivuta tena kabla hakijafika mwisho wake.

Kuhusu bei, seti ya springi huko huuzwa kwa dola 20 au 30 hivi, kiasi kisichotisha. Ongeza usafirishaji, ushuru na ujira wa fundi, nawe utaona kwamba springi zenyewe ndizo sehemu ndogo ya gharama. Usithubutu kuziagiza kimyakimya kwa posta. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, imeikabidhi biashara na ukarabati wa silaha kwa waliosajiliwa, kwa hiyo hata ukiamua kuendelea, pitia kwa muuzaji wako.

Kifyatulio chenye uso laini kina faida ya kweli, maana katika mvuto mrefu kidole huteleza kidogo, na mifereji ya kifyatulio cha kulengea shabaha hukikwaruza na kukivuta pembeni. Lakini fundi aliyesajiliwa anaweza kuilainisha mifereji hiyo kwenye kifyatulio ulicho nacho, bila kuagiza chochote.

Risasi zako kwenda chini kushoto, ikiwa unatumia mkono wa kulia, kwa kawaida hutokana na mkono mzima kukaza pamoja na kidole. Kwanza angalia mpini: ukiwa mnene kuliko kiganja chako, kidole hakikifikii kifyatulio sawasawa, na hapo mpini mwembamba wa mpira utakufaa kuliko springi yoyote. Kisha toa risasi zote, uziweke chumba kingine, tia risasi za bandia, elekeza mtutu mahali salama, na umwombe mtu akuwekee sarafu ya shilingi 10 juu ya mtutu nyuma ya kilengeo cha mbele. Fyatua polepole bila kuiangusha. Zoezi hili halina gharama, na msuguano wa vyuma vya ndani nao hupungua kadiri vinavyosuguana.

SWALI: Rivolva yangu ilikuwa laini, lakini mwaka huu imekuwa nzito. Je, nibadilishe springi?
Msomaji, Kisumu

JIBU: La. Springi haizidi ugumu kwa kuzeeka. Fungua silinda, hakikisha haina risasi, sukuma fimbo ya kutolea maganda, kisha utazame chini ya ile nyota inayoinuka. Chembe chache tu za baruti zilizonasa hapo huifanya silinda ijisugue kila inapozunguka. Sugua kwa mswaki mkavu, wala usipake mafuta mahali hapo, kwa kuwa hunasa chembe nyingine. Kagua pia kama fimbo yenyewe imelegea. Ikiwa uzito ungali pale, huenda mafuta ya zamani yameganda ndani au unyevu wa ziwa umeleta kutu, na kuifungua silaha kiasi hicho ni kazi ya fundi aliyesajiliwa.